Kitambaa cha Mama Sufuria

Jumatatu, 10 Juni 1957

Baridi. Ukungu umekaa juu ya Thika tangu asubuhi, na king'ora cha kiwanda kimelia ndani yake kama ng'ombe aliyepotea.

Kalondu ameleta picha za juma hili. Miraba minne, kama kawaida. Katika wa kwanza Mama Sufuria anapika. Katika wa pili mumewe, Bwana Subiri, anamweleza jinsi moto unavyowaka. Katika wa tatu bado anaeleza. Katika wa nne chakula kimeungua, na Bwana Subiri ameinua kidole, anaeleza sababu. Nimecheka sana! Kazi yangu mimi ni maneno. Picha akishaimaliza, naandika ndani ya kile kiputo kinachotoka mdomoni mwa mtu yale anayoyasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, maana gazeti hili linasomwa mpaka Kisumu.

Nieleze, ingawa shajara hii haina wa kuelezwa. Kalondu ni binti wa marehemu ndugu yangu Kiilu. Kwetu Ukambani mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, hakuna hesabu nyingine. Asubuhi hufundisha watoto wadogo katika shule ya kanisa. Jioni huchora. Sijasikia mwanamke mwingine anayechora katuni katika gazeti la nchi hii. Gazeti nalo halijasikia, hata habari za huyu mmoja! Alitia sahihi "K. Kiilu" chini ya picha ya kwanza, na mhariri wa Nairobi akamshukuru "Bwana Kiilu". Kalondu akasema atamsahihisha wiki inayofuata. Imepita miaka mitatu.

Mke wangu Mbithe anasema Bwana Subiri amefanana na mimi. Si kweli. Bwana Subiri ni mfupi.

Alhamisi, 20 Juni

Mgeni kutoka Ruiru — Bedan Kagwe, karani wa stesheni. Ndiye mkubwa wa kikundi cha michezo ya kuigiza kule. Anataka kumtoa Mama Sufuria gazetini na kumsimamisha jukwaani. Na Mama Sufuria atakuwa nani? Yeye Bedan, bila shaka.

Hapa pana desturi. Katika michezo yetu, tangu siku za shule za misheni, wanawake huigizwa na wanaume. Hujifunga leso, hujaza vitambaa kifuani, husema kwa sauti ya puani. Mchezo ukiisha husimama mbele, na watu wote hupiga kelele: "Vua! Vua!" Ndipo wanapovua vitambaa vya kichwa, na watazamaji wanaona ndevu na vipara, wanacheka mpaka machozi. Bila kuvua, mchezo haujaisha. Watu wanaweza kukataa kuondoka.

Bedan ana kipara kinachong'aa kama sahani. "Mwalimu, watu wanatoka Murera kwa miguu kuja kuona kichwa hiki," aliniambia, akakipapasa.

Wanawake wenyewe hawaigizi. Baraza la wazee wa kanisa lilikata hivyo mwaka wa 1951: mwanamke wa kanisa akisimama jukwaani mbele ya wanaume, ataondolewa katika meza ya Bwana na katika kazi yoyote ya kanisa. Mimi ni mwandishi wa baraza hilo.

"Sasa huyu kijana Kiilu yuko wapi?" Bedan akauliza. "Nataka anifundishe yule mama anatembeaje."

Kalondu alikuwa anaingia na chai. Nikamwonyesha. Bedan alimtazama, akatazama mlango nyuma yake kama kwamba kijana bado anakuja, akamtazama tena.

"Ngai! Huyu?"

"Sukari ngapi?" Kalondu akamwuliza.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya ibada tulipanda treni mimi na Kalondu mpaka Ruiru. Mazoezi yanafanyika nyuma ya ghala la mizigo, penye harufu ya kahawa na magunia mapya. Mburu, fundi wa baiskeli, ndiye Bwana Subiri. Anafaa. Ana kidole kirefu.

Bedan alitoka na gauni la mkewe Gathoni, akitikisa kiuno kama mkia wa bata.

"Simama," Kalondu akasema. "Mama Sufuria hatikisiki hivyo. Ametoka mtoni, ana njaa, na mumewe anaongea."

"Dada, mimi nimekuwa mwanamke miaka kumi na tano!"

"Mimi ishirini na sita."

Magunia yenyewe yalicheka. Bedan pia alicheka, lakini baadaye kidogo. Gathoni, aliyekuja kulinda gauni lake lisipasuke, alimwambia kwa upole, "Msikilize, baba watoto. Nyumbani nakuonyesha kila siku, na hujatazama hata mara moja."

Basi kila Bedan akikosea, Kalondu anamwonyesha. Anachukua sufuria, anapita, anageuka, anamrudishia. Mwisho wa alasiri wachezaji walikuwa wanaomba Bedan akosee.

Jumanne, 9 Julai

Balaa! Jino la Bedan. Shavu moja limevimba kama papai, na mchezo ni Jumamosi. Alikuja Thika kwa daktari wa meno, akapita kwetu ameufunga uso kwa taulo. Anasema kwa upande mmoja wa mdomo. Niliyoyapata ni haya: watu wameshaalikwa, ukumbi umeshaombwa, na mtu mmoja tu anaujua mchezo wote neno kwa neno.

Sote tulimtazama mtu huyo. Alikuwa anachonga penseli.

"Nani atajua?" Bedan akasema ndani ya taulo. "Ataambiwa ni kijana wa Thika. Nani amewahi kuona mwanamke jukwaani, hata amtambue?"

Kalondu akaniuliza mimi. Nikaeleza. Nilimkumbusha uamuzi wa baraza, na kwamba mimi ndimi niliyeuandika kwa mkono wangu. Nikamweleza kuwa Mzee Gathogo, mwenyekiti wetu, amealikwa na hakosi mahali penye viti vya mbele. Nikamweleza habari za darasa lake, jinsi lilivyokuwa zizi kabla hajalichukua, na kwamba kanisa likimtoa hakuna shule nyingine mjini itakayomgusa. Nikaanza kueleza habari za mama yake, anayemtegemea.

"Umemaliza, Baba Mkubwa?"

"Bado."

"Basi malizia kwenye treni. Mazoezi ni alasiri."

Mbithe alishampa leso yake nzuri. Nimegundua kwamba katika nyumba hii mimi huelezwa mambo mwishoni.

Jumapili, 14 Julai

Jana Ruiru. Nitaandika polepole nisiache kitu.

Tulianza mchana, kwa sababu lango la kijiji, kwa amri ya Hali ya Hatari, bado hufungwa jua likizama na askari hawana mzaha. Ukumbi ulijaa — wachuma kahawa, watu wa reli, wanawake wenye watoto mgongoni. Mbele kabisa, Mzee Gathogo na wazee wawili wa baraza, kila mmoja na koti la Jumapili. Mama Warigia, mke wa Gathogo, ameketi nyuma ya mumewe. Mimi nilikuwa pembeni, nyuma ya pazia. Wamenipa kamba ya kulifungulia na kulifungia. Wanasema ni kazi ya mtu mwenye subira.

Kalondu alitoka, sufuria kiunoni. Alitazama jiko. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameanza kueleza. Akatazama jiko tena. Ni hilo tu! Ukumbi ukaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nimemwona akiuchora uso ule miaka mitatu, na sikuwahi kufikiri ulikuwa umetoka wapi.

Halafu akasema. Maneno mengi ni yangu, nimeyapima mwenyewe ndani ya viputo. Lakini mimi niliyaandika yasomwe. Yeye aliyasema kama mtu aliyeyachoka. Mburu alipoinua kidole kwa mara ya tatu, Kalondu alikitundika kifuniko cha sufuria juu yake, akaendelea na kazi. Hilo halikuwa katika mazoezi! Mburu alibaki na kifuniko kidoleni, akiendelea kueleza. Kuna mzee alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko.

Sasa jambo ninalotaka kulikumbuka. Wanawake walijua. Nadhani walijua tangu alipoihamisha sufuria nyonga moja hadi nyingine ili mkono upate nafasi ya kukaza leso. Bedan huishika sufuria kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kombe la mpira. Nilichungulia kwenye tundu la pazia, nikaona viwiko vinagusana, safu hadi safu, kwa wanawake tu. Gathoni aliuma ncha ya kitambaa chake. Wanaume wao, hatua moja kutoka hapo, walikuwa wanampongeza kijana wa Thika.

Mchezo ulikuwa umebakiza neno la mwisho kengele ya lango ilipolia. Watu walitoka mbio, viatu mkononi. Hakuna aliyekumbuka "Vua! Vua!" Nilimshukuru Mungu, na yule askari pia.

Nje, Mzee Gathogo akanishika mkono. "Mwalimu, mchezo mzuri sana. Lakini yule kijana wenu mpya, nisikufiche, anazidisha. Mwanamke hatembei vile."

"Na sauti," akasema mzee wa pili. "Nyembamba mno. Hakuna mwanamke wa sauti ile."

"Bedan ndiye mwanamke," Gathogo akamalizia. "Huyu bado anajifunza."

Mama Warigia alikuwa kando yake. Alitazama mawingu kwa makini sana.

Nilimweleza Kalondu hayo ndani ya treni, nikidhani atacheka. Alicheka. Halafu akageukia dirisha mpaka Thika.

Jumatano, 17 Julai

Kikao cha baraza. Paa la kanisa linavuja juu ya kinanda, na Mzee Gathogo amepata njia ya kupata mabati mapya: mchezo wa Mama Sufuria uje Thika, katika ukumbi wa jamii, Jumamosi tarehe tatu Agosti. Wote wameafiki. Yaani baraza lililomkataza mwanamke jukwaani litaezekwa paa na mwanamke aliye jukwaani. Nimeandika "Imekubaliwa", na tarehe.

"Na yule kijana aje, asiletwe mwingine," Gathogo akasema. "Anajitahidi. Tena Ruiru tulinyimwa haki yetu. Safari hii mimi mwenyewe nitaanza: Vua! Nataka kumwona uso."

Palikuwa na nafasi ya kueleza. Ilikuwa pana, ingepita gari la ng'ombe. Mimi niliyewahi kulieleza baraza hili, kikao kizima, kwa nini saa ya ukutani huchelewa msimu wa mvua — niliinama nikapuliza wino ukauke.

Ijumaa, 26 Julai

Nimempa Kalondu mpango wangu. Ni mzuri, nimeufikiria siku nyingi. Jino la Bedan limepona. Ila watu wanamtaka "kijana", basi Kalondu aigize mpaka neno la mwisho. Hapo mimi navuta pazia haraka. Bedan anakuwa tayari pembeni, gauni lilelile, kitambaa kilekile. Anatoka mbele ya pazia yeye, watu wanapiga kelele, anavua, kipara kinang'aa, wanacheka, wanakwenda nyumbani. Baraza linapata mabati. Kalondu anabaki na darasa lake, na jukwaa pia, miaka yote anayotaka.

"Kila mtu anapata chake," nikamwambia.

"Bedan anapata makofi yangu," akasema.

Alikuwa anachora, hakuinua kichwa. Nikamweleza kuwa makofi ni upepo, kazi ni ugali. Akasafisha kalamu.

"Gazeti lilinifanya mwanamume, nikanyamaza, nikasema ni jina tu. Sasa nimesimama mbele yao, mwili wangu wote, na bado wanamwona mwanamume. Tena mwanamume asiyejua kuwa mwanamke! Nifanye nini, Baba Mkubwa? Nikajifunze kwa Bedan?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Juzi darasani," akasema, "kuna kasichana kangu, Mbula, kamechora mtu na sufuria. Kanachora vizuri. Kananiuliza, Mwalimu, nani huchora Mama Sufuria? Nikakaambia, Bwana Kiilu. Kakaniuliza, kwani wasichana hawawezi?"

Akachovya kalamu katika wino.

Halafu nikamwambia asubiri. Miaka kumi, baraza litabadilika, wazee tutakuwa tumekufa. Hili nilimwambia kwa nia njema kabisa.

Alinitazama kwa muda. Si kwa hasira. Alinitazama kama anavyokitazama kitu anachotaka kukichora.

Ijumaa, 2 Agosti

Manyunyu. Gazeti limefika. Safari hii Kalondu hakuniletea picha nitie maneno, ameyatia mwenyewe. Mraba wa kwanza, Mama Sufuria anasema nyumba inaungua. Wa pili, Bwana Subiri: "Subiri kwanza, nikueleze." Wa tatu, hivyohivyo, moshi umeongezeka. Wa nne hauna maneno. Moshi tu, na kidole kimetokeza juu yake.

Bwana Subiri amevaa miwani sasa. Mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi.

Nimevua yangu nikautazama uzi. Nimeirudisha. Nimepima tena urefu wa Bwana Subiri kwa kumlinganisha na mlango. Si mfupi sana.

Mbithe amepita nyuma yangu, akaona, akaenda jikoni. Nimemsikia akicheka na masufuria.

Kiswahili cha Kalondu hakina kosa hata moja.

Jumamosi, 3 Agosti

Naandika nikiwa kwenye kreti, pembeni mwa jukwaa, ukumbi wa Thika. Nimekuja na shajara kwa sababu mvuta kamba hana kazi kati ya kufungua na kufunga. Kamba iko hapa mkono wa kushoto. Penseli mkono wa kulia.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Gathogo yuko mbele, katikati. Wanawake ni wengi kuliko Ruiru — wengi mno! Wametoka Ruiru kwa treni, wengine wametembea kutoka Gatuanyaga na vumbi magotini. Wamekaa pamoja upande mmoja. Sijui nani aliwaita. Mama Warigia leo hakuketi nyuma ya mumewe. Yuko pamoja nao.

Safu ya kwanza, sakafuni, watoto wa darasa la Kalondu. Hawa nao nani aliwaleta? Mbithe anasema ni yeye. Nimemwuliza kwa nini. Amesema atanieleza baadaye.

Kalondu anacheza vizuri kuliko Ruiru. Nasikia vicheko vikija kwa mafungu, wanaume kwanza, halafu wanawake, mahali tofauti kabisa. Kifuniko kimeshatundikwa kidoleni. Kimewaangusha wawili.

Bedan yuko kando yangu, gauni la Gathoni, kitambaa kichwani, kipara kimepakwa mafuta chini yake. Ananong'ona: "Mwalimu, ukisikia 'chakula tayari', vuta. Usichelewe." Nimemwambia mimi sichelewi. Nimemkumbusha kwamba mpango ni wangu.

Kabla hatujaanza nilimwuliza Kalondu kama amekubali. Akasema, "Shika kamba yako, Baba Mkubwa, unitazame." Nilidhani ni kukubali.

Sasa wako mwisho.

Amesema "chakula tayari".

Nimeinua mkono — na amenitazama. Ametikisa kichwa. Kidogo tu, watu hawajaona. Mimi nimeona.

Bedan: "Vuta! Mwalimu, vuta!"

"Vua!" Huyo ni Gathogo. Amesimama, anapiga makofi juu ya kichwa chake, anacheka kama mvulana. "Vua, kijana! Vua tukuone!" Sasa ni ukumbi mzima. Sakafu inatikisika.

Si ukumbi mzima. Wanawake hawapigi kelele. Wamesimama wote.

Nywele zake Mbithe alizisuka jana. Zinafika mabegani. Hakuna atakayesema ni kijana.

Bedan amenyoosha mkono aichukue kamba. Nimeikalia. Ananivuta begani, ananiuliza kama nimezeeka, ananiuliza kama nimepata wazimu, na maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa kwa kirefu. Baadaye. Sasa naandika, ili huu mkono wa kulia uwe na kazi, usiende kusaidia wa kushoto kuvuta kamba. Kwa hiyo naandika kwamba taa mbili zinawaka na ya tatu inafifia. Kwamba Mburu amesahau kushusha kidole. Kwamba kale kasichana Mbula kametoka sakafuni, kamepanda juu ya benchi kaone vizuri, na hakuna aliyekakataza.

"Vua! Vua!"

Kalondu ameweka sufuria chini. Ameinua mkono mpaka kwenye fundo. Ni fundo la Mbithe, halifunguki kwa mkono mmoja.

Anainua wa pili.